Karo lisilojaa: siku kumi nyuma ya maji machafu, kutoka Unguja hadi Mtwapa

Siku ya kwanza. Kijijini hadi Mjini

Tumeondoka baada ya sala ya alfajiri, mimi na Ami. Kwa damu hatuna udugu, lakini kijiji kizima kinamwita hivyo. Ni fundi wa kujenga. Nyumba nyingi za kijiji chetu, huku kusini-mashariki mwa Unguja, kazipandisha yeye, na nyuma ya kila nyumba kachimba karo, shimo la kupokea maji ya chooni. Jina lake limetoka kwa makaro hayo kuliko kwa kuta: karo la Ami halijai. Unajenga, unazaa, unaoza watoto, na gari la kunyonya hujaliita hata mara moja. Watu wa vijiji vya jirani humfuata kwa sifa hiyo.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya shehia, na maji yakikupwa nashuka pwani kulima mwani. Kilichotutoa nyumbani ni kisima cha msikitini. Masika ya mwaka huu yalipokwisha, watoto wa nyumba zinazokizunguka waliharisha kwa zamu, nyumba hii ikipona ile inaanza. Maji yakapelekwa kupimwa. Jibu liliporudi sheha, mkuu wa shehia yetu, alilisoma barazani kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma tanzia: mna vijidudu vya kinyesi. Wazee wakakaa kimya. Kisha kikao kikaamua watu wawili watumwe kwa wenzetu wa mwambao, wakaone maji machafu wanayafanyaje, warudi na kitu tunachoweza kukijenga kwa mikono yetu na kukitunza kwa fedha zetu. Mimi nimechaguliwa kwa sababu naandika. Ami kwa sababu ndiye atakayejenga.

Kwetu ni maweni. Asiyewahi kuishi maweni aelewe kwamba ukichimba kidogo tu umeshagonga jiwe la matumbawe, na jiwe hilo limejaa matundu, nyufa na mapango. Mvua hainyeshi ikatuama. Inazama saa ile ile. Huko chini maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kama utando wa mafuta juu ya mchuzi, na hayo ndiyo tunayoyateka. Kisima kinakunywa kwenye jiwe. Choo nacho kinakunywesha jiwe lile lile.

Jioni, Mjini, bahari imekupwa. Tumepita ukingoni upande wa Mizingani, na pale harufu inakueleza yote kabla ya macho: mabomba ya Mji Mkongwe yanamwaga baharini, mengine karibu mno na ukuta, na bahari ikikupwa midomo ya mabomba inabaki wazi. Watoto wanaruka majini hatua chache tu kutoka hapo. Nilipokuwa mwalimu nikifundisha kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini maji safi ya chemchemi kwa mfereji. Alishika nchi mara tu baada ya kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua watu wengi mno. Nilikuwa nikilifundisha hilo kwa fahari, na bado naliona ni jambo kubwa. Lakini nikiwa nimesimama pale ukutani nimejiuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: maji yaliyoingia kwa mfereji mzuri kiasi kile yalitoka mjini kwenda wapi? Yaliachiwa bahari. Bado yameachiwa bahari.

Siku ya pili. Chumbe

Kutoka Mbweni kwa mashua, kusi inavuma, nguo zimeloa kabla hatujafika. Chumbe ni kisiwa kidogo cha jiwe tupu kama kwetu, hakina kisima, kina mnara wa taa wa 1904 na mwamba wa matumbawe uliohifadhiwa kisheria tangu 1994. Nyumba za wageni ni saba tu. Tulitaka kukiona kwa sababu moja: wageni wanalala, wanakoga na wanakwenda chooni, na chini ya miguu yao kuna matumbawe yasiyovumilia uchafu hata chembe.

Maji ni ya mvua. Yanashuka juu ya paa, yanachujwa, yanaingia kwenye birika lililojengwa chini ya nyumba yenyewe, na anayetaka kuoga anayapandisha kwa pampu ya mkono. Maji ya kuogea na kunawia hayaachwi yakazama. Yanapitishwa kwenye vitanda vilivyopandwa mimea, na mimea inafyonza virutubisho ambavyo vingelisha majani mabaya baharini. Choo hakina maji kabisa. Kinyesi kinafunikwa kwa majani makavu na mboji, bomba refu linavuta hewa juu, na baada ya muda kinakuwa udongo.

Ami amepiga magoti kwenye kitanda kimoja, kagonga ukingo kwa kifundo cha kidole, kasikiliza. "Chini kumezibwa," kaniambia. Kilichomshughulisha ni hicho, wala si mimea. Nikamuuliza kwa nini. Akasema tutazungumza.

Kwa choo kikavu sikujidanganya. Sisi ni watu wa kutumia maji chooni, ni dini na ni mazoea, na kijiji hakitaacha. Lakini kile kitanda cha mimea nimekichora kwenye daftari pande zote, na vipimo nimevipiga kwa shubiri.

Siku ya tatu. Dar es Salaam

Boti ya asubuhi, bahari imechafuka kwa mawimbi, Ami kalala chini muda wote amejifunika kanga yangu. Tumefikia kwa shangazi yangu Magomeni, tukanywa chai, tukapanda daladala kwenda Mlimani, Chuo Kikuu. Pale kuna mabwawa ya majitaka na vitanda vya matete ambavyo wahandisi wa chuo wamekuwa wakivifanyia utafiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtaalamu mmoja wa maabara alikubali kutuzungusha. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba hatuna shahada, tuna kisima kibovu. Akasema hiyo inatosha.

Nilidhani bwawa la majitaka ni shimo la kutupia. Kumbe ni kazi yenye zamu zake. Bwawa la kwanza huwa na kina, mita mbili hadi tano. Chini hakuna hewa, tope linatuama, na vijidudu visivyohitaji hewa vinaula uchafu mzito. La pili lina kina cha mita moja hadi mbili na rangi ya kijani, kwa sababu limejaa mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Jua linaulisha mwani, mwani unatoa oksijeni, na vijidudu vya tabaka la juu vinaitumia hiyo oksijeni kumaliza uchafu uliobaki. Mabwawa ya mwisho yana kina kifupi na kazi yake ni subira: maji yanalala juani siku kadhaa, mwanga unaua vijidudu vya maradhi, mwani unayageuza maji kuwa na magadi na hilo nalo linaua, mayai ya minyoo yanazama. Hakuna mota wala umeme. Jua tu, na muda.

Mimi ninayelima mwani nimefurahi kuliko nilivyotarajia kusikia kwamba mwani mdogo kuliko wote ndiye mfanyakazi mkuu hapa.

Ila mabwawa yanataka ardhi, na yanataka udongo unaoshika maji. Kwetu yangevuja siku ya kwanza. Ndipo akatupeleka kwenye matete. Hiki ni kitanda cha kokoto kilichozibwa chini na pembeni. Maji yaliyokwisha kutuama tangini yanaingia upande mmoja, yanapita kati ya kokoto chini ya uso bila kuonekana, yanatokea upande wa pili. Kwa kuwa hayaonekani, mbu hawana pa kutagia. Vijidudu vinavyofanya kazi vimeshikamana na kokoto na mizizi. Kwa nchi za joto kama yetu, alisema, kadiria mita moja hadi mbili za mraba kwa kila mtu.

Halafu Ami akauliza alilokuwa nalo moyoni tangu jana. "Mwanangu, karo lililojengwa ukuta likaachwa wazi chini, miaka ishirini halijajaa. Unalionaje?"

Yule kijana hakujua anaongea na nani. Akajibu kwa heshima zote, "Mzee, karo lisilojaa halifanyi kazi. Tope lazima libaki, na kila miaka miwili hadi mitano linyonywe. Kama hakuna kinachobaki, basi kimekwenda. Kwenye mwamba wenye nyufa kimekwenda mbali, na kimekwenda haraka."

"Na ile kanuni ya choo kukaa mita thelathini kutoka kisimani?"

"Ni ya udongo, mzee. Udongo unachuja. Ufa hauchuji."

Daladala la kurudi lilikuwa limejaa na tulisimama njia nzima. Ami hakusema neno mpaka Magomeni.

Siku ya nne. Bado Dar es Salaam

Shangazi anamjua kijana anayetapisha vyoo. Kutapisha ni neno la hapa, la choo kilichojaa mtaani ambako gari la kunyonya haliwezi kupita. Watu wa kazi hiyo wanaitwa vyura, na jina hilo linawauma. Naliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia nisilifiche.

Zamani, alisimulia, aliingia shimoni mwenyewe na ndoo, usiku, baada ya kumwaga mafuta ya taa kupunguza harufu. Au walichimba shimo la pili kando wakalitoboa la kwanza lihamie humo. Au mwenye nyumba alisubiri mvua kubwa, akafungua tundu, mafuriko yakabeba. Mtaa mzima ulijua nani kafungua, na hakuna aliyesema, kwa kuwa kila mmoja angefungua siku yake ikifika. Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Hakuna aliye mbaya katika habari hiyo. Kuna mtaa usio na pa kupeleka, na watoto wanaokanyaga maji hayo wakienda skuli.

Sasa ana pampu ya mkono iitwayo Gulper, bomba refu lenye mpini kama wa pampu ya kisima, na mapipa yanapakiwa kwenye guta. Hasimami tena ndani ya kinyesi. Lakini pampu haipandishi kila kitu: vyooni mnatupwa nguo, chupa, nywele, pampasi, na vyote hivyo lazima vivuliwe kwanza kwa ndoano. Alituonesha mikono yake. Akamwambia Ami, "Mzee ukijenga, niachie mfuniko unaofunguka. Msijenge juu ya mfuniko. Wengi wanajenga jiko juu yake."

Ami aliinamisha kichwa. Kijijini najua majiko matatu yaliyokaa juu ya mifuniko, na mojawapo ni langu.

Mchana tumepelekwa kuona Vingunguti, magari ya kunyonya yanapomwaga kwenye mabwawa. Moja linaondoka, jingine linarudi nyuma kwa honi. Sikukaa sana, pua ilinishinda, ila nimefurahi kuona kwamba safari ya kinyesi inaweza kuwa na mwisho unaojulikana.

Siku ya tano. Njiani

Basi tangu alfajiri. Tanga mchana, Horohoro alasiri, mihuri, Lunga Lunga, giza. Tumelala Msambweni. Ami ameongea mara moja tu siku nzima. Tulipopita mnazini karibu na mpaka alisema, bila kunitazama, "Nimechimba makaro sitini na kitu." Sikujua la kujibu, na nadhani hakutaka jibu.

Siku ya sita. Gazi

Gazi ni kijiji cha wavuvi kilichokaa mgongoni mwa mikoko, na watu wake wanaongea nasi kama jamaa waliopotea. Hapa mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko, hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo inauzwa, na mapato yanarudi kijijini, kwenye maji na skuli. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani kuendeshwa na wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo tulitegemea kukuta watu wanaojua mikoko inaweza nini na haiwezi nini, na tuliwakuta.

Kina mama wana njia ya mbao inayopenya katikati ya miti, na mmoja wao alitembea nasi. Majina ni yale yale ya kwetu: mkoko wenyewe wenye magongo ya mizizi, mchu unaotoa vidole vya kupumulia juu ya tope, mkandaa, mui, mlilana unaosimama mbele kabisa baharini. Nilifarijika kwa hilo kama ninavyofarijika kusikia mtu wa mbali anatamka jina la marehemu bibi yangu.

Ami aliuliza swali ambalo kwetu limeulizwa mara nyingi. Si tulaze bomba tu mpaka mikokoni, miti ikale?

Jibu la mama yule: "Baba, mkoko haukatai chakula. Lakini angalia mizizini." Akainama, akatuonesha chaza walioshikamana, na kaa wadogo wakitoka na kurudi mashimoni. Hao wanaokotwa na kina mama, wanapikwa, wanaliwa na watoto. Chaza huchuja maji siku nzima na kubaki na kilichomo. Ukimwaga choo kwa chaza, umemwagia sahani yako.

Jambo hili limefanyiwa majaribio. Kati ya 2005 na 2008 mradi wa watafiti ulioitwa PUMPSEA ulijenga vyumba vya mikoko Jangwani Beach, kaskazini mwa Dar es Salaam, wakavimwagia majitaka ya nyumbani kwa vipimo tofauti. Mikoko inasaidia kweli. Udongo wake na vijidudu vyake vinakamata virutubisho, na kaa wachimba mashimo wanapitisha hewa topeni. Lakini viumbe si sawa, wapo wanaostahimili na wapo wanaoumia. Mikoko iwe mlango wa mwisho, baada ya maji kupita tangini na kokotoni. Isiwe mlango wa kwanza.

Tumekula wali wa nazi na changu kwao. Tulipoaga, mama alitupa mikoko michanga minne, mbegu ndefu za kijani, nimezifunga kwenye khanga iliyoloa. Sijui kama mpakani wataturuhusu.

Siku ya saba. Likoni, Mikindani

Feri ya Likoni asubuhi, umati uliobanana, kisha matatu hadi Mikindani, bara magharibi ya Mombasa. Tulitaka kuona mikoko inayofanyishwa kazi bila kuulizwa. Majitaka ya nyumba za juu yanashuka kwa mtaro hadi mikokoni ya hori ya Tudor, na kila bahari ikijaa inayasukuma, ikikupwa inayavuta. Watafiti wameifuatilia sana sehemu hii. Sisi tulisimama tu. Miti imesimama pia, mingine imenawiri kijani kizito. Maji yanayopita kati yake ni meusi. Vijana wawili walikuwa wanatega nyavu mita chache mbele.

Ami alitazama mtaro kuanzia juu hadi chini, kisha akasema, "Hawa hawakuficha. Mimi nilificha."

Hapo nilimjibu. Nilimwambia hakuna aliyemwambia. Alijenga kama alivyofundishwa na fundi wake, na sisi ndio tuliomsifu, mimi nikiwa wa kwanza. Akasema, "Kweli. Lakini mkono ni wangu."

Siku ya nane. Mtwapa

Lengo letu la mbali kuliko yote lilikuwa Shimo la Tewa, gereza kubwa lililo kando ya hori ya Mtwapa. Zamani majitaka ya wafungwa na askari, watu wanaohesabika kwa maelfu, yalishuka horini. Chini ya mradi wa WIO-LaB, wa nchi za Bahari ya Hindi Magharibi, ulioendeshwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, na Norway, pakajengwa bwawa la mimea la kuyasafisha, liwe mfano kwa mwambao mzima. Hatukuingia. Gereza ni gereza na kibali hatukuwa nacho mkononi. Lakini tulipata tulichokifuata, kwa sababu mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi za ujenzi wa aina hiyo mwambao huu alikaa nasi kibarazani mwa msikiti wa jirani kuanzia adhuhuri hadi alasiri, akatuchorea kwa kijiti mchangani.

Tangi kwanza, vyumba viwili au vitatu, chini zege. Bomba la kutokea likae juu kidogo ya kati ili tope na povu visipite. Kisha kitanda, mteremko mdogo sana, kokoto kubwa mwanzoni na mwishoni, ndogo katikati. Matete yakatwe yakizidi. Na hapa alipiga kijiti chini mara tatu: tangi linyonywe kabla halijajaa. Tope likipita likaingia kokotoni, kitanda kimekwisha, mtaing'oa kokoto yote muioshe jiwe kwa jiwe. Mifumo mingi aliyoiona imekufa ilikufa kwa hilo. Ilijengwa vizuri, ikazinduliwa kwa sherehe, na hakukuwa na mtu ambaye jina lake limeandikwa kwamba yeye ndiye wa kufungua mfuniko kila mwezi.

Nimeandika kwenye daftari: *jina la mtu*. Nimepigia mistari miwili.

Imamu alikuwa akisikiliza. Nikamuuliza lile ambalo najua nitaulizwa nyumbani kabla ya lolote: maji hayo yakisafika, ni twahara? Akasema jambo hili limejadiliwa na wakubwa zaidi yake. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji yaliyonajisika yakisafishwa kabisa mpaka najisi isiache alama katika ladha, rangi wala harufu, yanarudi kuwa twahara na hata udhu yanafaa, ila kwa kunywa ni bora kujiepusha kwa ajili ya afya. Kisha akasema ninyi hata hamjafika huko, ninyi mnataka kumwagilia migomba. Mwagilieni. Na maji ya udhu yenyewe, akauliza, mnayapeleka wapi? Tukatazamana. Kwetu maji ya udhu yanaingia karo moja na ya chooni. Maji karibu safi, mara tano kwa siku, tunayachanganya na kinyesi na kukisukuma kisimani. Yakitengwa, yanaweza kwenda kwenye migomba moja kwa moja, kwa mfereji wa nusu siku ya kazi.

Alasiri tumevuka daraja hadi Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa karne ya 14 na 15 juu kidogo ya ufukwe. Ilikuwa nafasi ya kupumzika, lakini Ami hapumziki karibu na ukuta. Kapita nyumba hadi nyumba akitafuta vyoo, kavipata. Msikitini karibu na bahari kuna birika, na kando yake mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Alivua viatu akasugua miguu yake hapo, polepole, mmoja kisha mwingine. "Walijali," akasema. Akakaa juu ya ukingo wa birika mpaka jua likaegemea, akinieleza namna chokaa ilivyochomwa na kukandwa, na kwa nini birika la watu hawa halivuji hadi leo na karo lake linavuja.

Siku ya tisa. Kurudi

Basi tena. Mbegu za mikoko zimenyang'anywa mpakani kwa sheria za mimea, na ni haki. Kwetu mikoko ipo, nimekumbuka kwa kuchelewa.

Ndani ya basi tumepiga hesabu. Nyumba zinazokizunguka kisima cha msikiti ni kumi na moja, watu kama sabini. Kwa mita moja hadi mbili kila mmoja, kitanda ni kati ya mita za mraba sabini na mia na arubaini. Ami akafumba macho. "Uwanja wa nyuma ya msikiti," akasema. "Unatosha na nafasi ya migomba inabaki." Makaro yazibwe chini yawe matangi, nyumba tatu au nne kwa tangi moja. Ya msikiti yaanze. Majiko yahame juu ya mifuniko, langu likiwa la kwanza. Mpaka hapo kila mtu achemshe maji ya kunywa, hata wale wanaosema chai imewatosha.

Siku ya kumi. Nyumbani

Tumefika asubuhi na sheha alitaka kikao mchana ule ule. Ami akaomba tusubiri mpaka alasiri.

Alichukua kamba yake ya ujenzi, ile yenye fundo kila mita, akaniambia nimfuate na daftari. Tulianza kisimani. Hadi karo la msikiti, mafundo kumi na tisa. Hadi nyumba ya kwanza, ishirini na sita. Ya pili, kumi na nne. Watu walianza kutoka na kutufuata, watoto mbele, na kila nyumba Ami alitamka idadi kwa sauti ili mwenye nyumba asikie, nami nikaandika. Nyumba ya mwisho ilikuwa yake. Mafundo kumi na moja.

Akatuma mtaimbo. Aliugonga mfuniko wa karo lake mwenyewe mpaka saruji ikapasuka, vijana wakausogeza, akateremsha ufito mrefu wa mwanzi. Ni karo la miaka ishirini na miwili, la nyumba ya watu tisa. Ufito ulishuka, ukashuka, ukagonga jiwe. Alipouvuta juu ulikuwa na tope kwenye ncha, upana wa kiganja.

Aliuinua watu wauone. Hakuna aliyesema kitu. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu mgongoni, yule aliyeharisha wa kwanza.

"Andika," Ami akaniambia. "La kwanza kuzibwa ni hili. Kesho." Kisha akamgeukia sheha, akamuuliza mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa skuli ni mingapi.